Msoma Ramani wa Elifuraha

Violet alifika Machame siku chache kabla ya Krismasi, gari lake limesheheni mchele, mafuta ya kupikia na vitenge vya shangazi zake, kama wafanyavyo Wachagga wengi wanaorudi nyumbani kila Desemba. Mama yake, Aikaeli, alimpokea kwa kumbatio refu na maswali ya safari. Furaha yake ilipungua alipoona sanduku lililobaki kwenye kiti cha nyuma, limefungwa mkanda kama mtoto mchanga. Violet alilibeba mwenyewe hadi sebuleni, akalifungua, akatoa usukani mweusi uliovikwa ngozi, kisha pedali tatu zilizopangwa juu ya bamba zito la chuma: klachi, breki na mafuta.

"Hiki ni nini?" Aikaeli aliuliza.

"Usukani wa gemu, Mama. Gemu ya mbio za magari. Unaunganisha na TV, unaendesha kama gari la kweli. Nimemletea Baba."

Aikaeli alichungulia dirishani. Mumewe, Elifuraha, alikuwa ameketi kwenye benchi lake kando ya zizi, mikono juu ya mkongojo, uso ameuelekeza barabarani ambako hakukuwa na kitu alichoweza kukiona. Aikaeli akashusha sauti.

"Unamletea kipofu usukani?"

"Mama, hebu nisikilize."

"Nimemuuguza yule mzee mpaka akazoea giza. Leo wewe unakuja kumtonesha kidonda."

"Amezoea au amenyamaza?" Violet alisema. "Nikipiga simu ananipa salamu tu, halafu anakupa wewe. Zamani tulikuwa tunaongea mpaka salio linakata."

Aikaeli alijua ni kweli, kwa sababu hata na yeye Elifuraha alikuwa ameacha kuongea. Alikula alichopewa, alishukuru, akarudi kwenye benchi lake.

Kwa watu wa Moshi wenye umri wa kutosha, jina la Elifuraha si geni. Alikuwa fundi wa magari mwenye gereji mtaa wa Majengo, na alikuwa dereva wa mbio. Wakati ule magari yalishindana kwenye barabara za vumbi zinazokatiza mashamba makubwa ya kahawa, na watu walipanda juu ya miti kumtazama akipita. Kando yake aliketi Zaidi, rafiki yake wa Majengo, ambaye kazi yake ilikuwa kumsomea njia: kona gani inakuja, inapinda kiasi gani, ng'ambo ya kilima kuna nini. Msoma ramani, ndivyo walivyomwita.

Aikaeli hakuwahi kwenda kuwaona hata mara moja. Siku ya mashindano alichukua jembe akazama kihambani, shamba lao la nyumbani, akapalilia migomba kwa nguvu mpaka mikono ikamuuma, ili asisikie injini kutoka mbali. Alijua siku moja wataletewa habari, na habari ikaja. Gari lilibiringika hadi korongoni. Elifuraha akavunjika mbavu, Zaidi akavunjika paja. Aikaeli alifika hospitali na Violet mgongoni, akasimama mbele ya kitanda cha Zaidi, akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake. Zaidi hakukanyaga. Elifuraha naye akaacha mbio, akafunga gereji, akaendesha magari ya kupeleka wageni kwenye geti la mlima miaka yote iliyofuata, kwa mwendo wa adabu, hadi presha ya macho ilipomnyang'anya kwanza pembe za dunia, halafu katikati yake. Sasa alibaki na mwanga na kivuli tu. Alijua mchana umeingia, basi.

Asubuhi iliyofuata, baada ya ng'ombe kukamuliwa, Violet aliondoa kitambaa cha kufuma kwenye meza ya chakula na kuubana usukani ukingoni mwake. Meza ile ilikuwa nzito, ya mbao za mlimani, na Violet aliisukuma hadi mbele ya TV. Akaweka pedali chini, akaziegemeza ukutani kwa tofali zisikimbie. Kisha akaenda kumshika baba yake mkono. Mzee alikuja bila kuuliza, kama alivyokuja kwa kila kitu siku hizo. Akaketishwa.

Violet akawasha.

Usukani ukazunguka wenyewe. Ulikwenda kushoto mpaka mwisho, ukarudi kulia mpaka mwisho, halafu ukajileta katikati ukatulia. Aikaeli alikuwa amesimama mlango wa jikoni na upawa mkononi. Aliita jina la Bwana kwa sauti ndogo na hakusogea.

"Nani ameuzungusha?" Elifuraha aliuliza. Alikuwa ameinua kichwa.

"Hakuna, Baba. Unajipima kabla ya kazi. Weka mikono."

Akaiweka. Alipapasa ngozi, akafuata mshono wake kwa vidole gumba, akapima uzito kwa kuusukuma kidogo kila upande. Mguu wake wa kulia ukatafuta pedali ukaipata bila kuelekezwa. Kwenye TV kulikuwa na gari limesimama katikati ya msitu, mbele yake barabara nyembamba. Injini ilinguruma. Violet akasema twende, na Elifuraha akakanyaga mafuta.

Aikaeli aliona mikono ya mumewe ikianza kutetemeka. Alidhani ni ugonjwa umemshika, akapiga hatua mbele. Ndipo alipoona kwamba si mikono iliyotetemeka bali usukani. Ulikuwa ukicheza mle mikononi, mara kidogo, mara kwa nguvu, na mikono ikiupokea.

"Changarawe," Elifuraha alisema. Baada ya muda akaongeza, "Ya mawe makubwa. Na mvua imenyesha hapa, gari linateleza mkia."

Violet aliangalia TV. Barabara ilikuwa na madimbwi. Akamgeukia mama yake.

"Tairi la kulia limeingia mferejini," mzee alisema, na kweli gari lilikuwa limeegemea kulia, kwenye mfereji wa majani. Alilitoa. Akaenda tena kidogo, moja kwa moja, hadi barabara ilipopinda na yeye asipinde. Mti ukaja wote. Usukani ulimrusha viwiko pembeni na TV ikapiga kishindo cha bati.

Aikaeli alikuwa amejiziba mdomo. Halafu Elifuraha akacheka, kicheko cha kutoka tumboni chenye kikohozi ndani yake, ambacho Aikaeli alikuwa amekisahau jinsi kinavyosikika.

"Rudisha," alimwambia binti yake. "Rudisha nilipoanzia."

Siku hiyo aligonga miti mingi. Ndani ya gemu kulikuwa na sauti ya kusoma kona, lakini ilisema Kiingereza cha kukimbia na Elifuraha aliomba izimwe. Violet akajaribu kumwelekeza mwenyewe. Alikuwa mchezaji hodari, ila alizoea kuendesha kwa macho yake, na kila neno lake lilitoka wakati kona imeshafika. Hata hivyo, jioni mezani mzee aliongea. Alieleza jinsi breki ilivyokuwa ngumu kidogo kuliko ya kweli, na jinsi alivyohisi daraja la mbao kabla Violet hajamwambia ni daraja. Alikula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, sahani mbili. Aikaeli alimtazama, akajilaumu kimoyomoyo kwa maneno aliyomwambia mwanawe, ingawa hakuyafuta.

Krismasi ikaja na ibada na nyama na wageni, usukani ukafunikwa shuka. Baadaye kazi za Dar zilimfuata Violet hadi mlimani, na mchana akawa anakaa barazani na kompyuta yake akijibu watu. Siku moja Aikaeli alipita sebuleni na ndoo ya pumba akamkuta mumewe ameketi kwenye usukani peke yake. Gari kwenye TV limesimama pale mwanzo wa barabara, injini inaunguruma polepole. Elifuraha ameshika usukani, anasikiliza ule mtetemo, haendi popote.

"Unamsubiri nani?"

"Violet amalize kazi zake. Siwezi kutoka bila wa kuniambia njia."

Aikaeli alitua ndoo. Aliangalia kule barazani, akaangalia TV. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda.

"Nikuambie nini?"

Elifuraha aligeuza uso upande wa sauti yake. Alionekana kama mtu aliyesikia vibaya. "Niambie unachokiona, Mama Violet."

Haikuwa kazi rahisi. Aikaeli hakuwahi kuketi mbele ya gari likienda kwa kasi, na mambo yalimjia yote kwa pamoja. "Kona," alisema, na wakawa wameshaipita wako vichakani. "Mti," alisema, na kishindo kikafuata. Safari nyingine alishindwa kusema lolote, akamshika tu mumewe bega.

"Mama Violet," Elifuraha alisema kwa upole, "unaniambia mti nikiwa nimeshaukumbatia."

"Mambo yanakuja mbio."

"Ndiyo. Kwa hiyo uyatangulie. Zaidi alikuwa akinisomea kona ambayo bado sijaifikia. Mimi nikiwa kwenye hii, yeye ameshahamia ile ya mbele."

Jina hilo halikuwa limetajwa ndani ya nyumba ile tangu ajali. Elifuraha mwenyewe alionekana kushtuka lilivyomtoka. Aikaeli akachukua ndoo yake ya pumba akaenda kwa ng'ombe. Lakini kesho yake alivaa gauni la kanisani, akakata ndizi mshare, akajaza maziwa kwenye galoni, akasema anashuka Moshi kutafuta dawa ya kupe.

Duka la Zaidi lilikuwa Majengo, karibu na msikiti, duka dogo la vipuri lenye mikanda ya injini iliyoning'inia mlangoni kama mizizi. Zaidi alikuwa nyuma ya kaunta. Ndevu zilikuwa nyeupe. Alipomwona Aikaeli aliinuka, na alipotoka kumpokea mzigo mguu mmoja ulichelewa nyuma ya mwenzake.

"Karibu, shemeji," alisema, kama vile walionana juzi. Akamwita binti yake Nasrin alete kiti na chai.

Aikaeli alikaa. Alikuwa amepanga maneno njiani tangu kituo cha Kwasadala na sasa hayakuwepo. "Baba Nasrin," alisema, "nilikufukuza kwangu."

"Ulikuwa na mtoto mgongoni na mume kitandani, shemeji. Yamepita hayo. Yeye hajambo?"

"Hajambo. Macho ndiyo yaliisha."

"Nilisikia." Zaidi aliangalia chini. "Nilitaka kuja."

"Nimekuja unifundishe kusoma kona."

Zaidi aliinua macho. "Kona za wapi?"

Aikaeli akamweleza yote: usukani unaojizungusha, barabara ndani ya TV, changarawe ambayo mzee aliitambua kwa mikono. Alisubiri kuchekwa. Zaidi hakucheka. Alikaa juu ya tairi lililokuwa pembeni, akauliza swali moja moja kama daktari. Usukani unavuta gari likiingia tope? Unalegea gari likiruka? Alipojibiwa kwamba ndiyo, alishusha pumzi, akachezesha vidole vyake magotini kama anayetafuta kitu cha kushika.

"Inuka," alisema. "Tutembee."

Walipotoka nje Zaidi alifumba macho. Akaweka mkono wake juu ya bega la Aikaeli, akamwambia ampeleke hadi kwa mshona viatu wa mwisho wa mtaa na kumrudisha, kwa maneno tu, bila kumvuta. Watu wa mtaa walitazama. Mwuza kahawa aliondoa birika lake njiani. Aikaeli alianza vibaya. Alisema "shimo" na Zaidi akaingia shimoni mpaka kwenye kifundo.

"Shimo hili nimeshalijua," Zaidi alisema, macho yamefumbwa. "Niambie la mbele. Hapa tulipo muachie mwenye miguu, anapahisi mwenyewe. Wewe kazi yako ni kule."

Wakaenda tena. Aikaeli akainua macho kutoka miguuni mwao. Aliona jiwe la kona, kisha baiskeli iliyoegeshwa, kisha mwanamke anayemwaga maji, akavisema vyote kwa mpangilio kabla havijafika. Hatua za Zaidi zikawa ndefu. Kabla ya kufika kwa mshona viatu mzee yule mwenye mguu mbovu alikuwa anatembea kama mtu anayeona, na Aikaeli akahisi vinyweleo vya mikono vikimsimama. Mtu mzima alikuwa akienda juu ya maneno yake.

Waliporudi Zaidi alimfundisha hesabu ya kona. Moja ni ile inayokurudisha ulikotoka. Sita ni kama umenyooka. Inayobana mwishoni unasema inabana. Inayofunguka unasema inafunguka. "Kwanza upite njia ile polepole, uijue kama unavyokijua kihamba chako. Na jambo la mwisho, shemeji. Usiogope kwa sauti. Uoga ukiwa tumboni mwako ni wako. Ukiingia kwenye sauti, unashuka hadi kwenye miguu yake."

Aikaeli aliaga. Alipofika barabarani akageuka. "Mwaka mpya njoo ule mtori wa ndizi," alisema, akaondoka kabla hajajibiwa.

Siku zilizobaki alizitumia na Violet. Wakati mzee amelala mchana, Violet aliendesha gari lile taratibu kabisa kwenye barabara moja, ileile, na Aikaeli akaketi kando akiisoma kwa kunong'ona. Ilianzia msituni, ikavuka mto kwa daraja la mbao, ikapanda ikipinda kama utumbo mpaka nje ya miti, juu kwenye miamba na theluji. Haikuwa Kilimanjaro, ila hewa yake ilikuwa ileile. Aikaeli aliijua kwa rangi ya mwanga. Alizisoma kona akikamua, alizisoma akimenya ndizi. Siku aliyoketi tena karibu na mumewe, hakumwambia alikokuwa.

"Kulia nne," alisema walipotoka. "Kushoto tatu, inabana. Daraja."

Elifuraha alizipita kona zote mbili. Kisha akasema, "Nani amekufundisha?" na bila kusubiri jibu akaongeza mafuta. Walivuka mto, wakapanda. Walikuwa wanakaribia mwisho wa miti TV ilipozimika, na taa ya jikoni, na friji. Umeme ulikuwa umekatika mlima mzima. Elifuraha akabaki na mguu juu ya pedali na usukani uliokufa mkononi.

"Tumegonga?"

"Hapana. Ni umeme."

"Basi tumetoka salama," alisema, akatabasamu gizani kwake.

Zaidi alikuja siku ya mwaka mpya, baada ya ibada, amevaa kanzu na koti. Elifuraha alikuwa sebuleni. Alisikia hatua kwenye ngazi za baraza, moja nzito, moja ya kuburuta, akasimama kabla mtu hajabisha hodi. Wazee wale wawili walishikana mikono, hawakuachana upesi. Wakaulizana habari za watoto, za mvua, za mtu mmoja wa zamani aliyehamia Bomang'ombe akafia huko. Walikula mtori. Halafu Zaidi akauliza kiko wapi hicho kitu, akapelekwa mbele ya meza, akaugusa usukani kwa kidole kimoja.

"Kaa hapa uniongoze," Elifuraha alimwambia.

"Mimi nimekuja kula," Zaidi alijibu. "Msomaji wako yuko."

Akaketi kwenye kochi nyuma yao, mguu mbovu ameunyosha. Violet aliwasha. Usukani ukajizungusha ukatulia. Aikaeli alivuta kigoda hadi goti lake likagusana na la mumewe, akainua macho mbali, pale barabara inapoingia kwenye miti.

"Kulia nne. Kushoto tatu, inabana. Daraja, nyoosha."

Waliingia darajani na mbao zikagonga mle mikononi mwa Elifuraha. Safari hii hakuenda kama mtu anayepapasa. Alikwenda. Aikaeli aliposema kushoto mbili, aliona mikono ya mumewe ikigeuza usukani kulia, akadhani amesikia vibaya. Lakini gari lilielekea kushoto. Lilikuwa limetupa mkia nje na kuteleza ubavu ubavu kuizunguka kona yote, kama maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yanavyozunguka ubavu wa mlima bila kumwagika, na usukani ulikuwa ukijizungusha wenyewe ndani ya viganja vilivyolegea, hadi vidole vilipoukamata mahali palepale ulipotakiwa kukamatwa. Hakuna aliyemwambia lini aukamate. Kwenye TV hapakuwa na ishara yoyote. Ilikuwa katika vidole.

Aikaeli alikuwa ameolewa na mikono ile tangu ujana wake. Ilimjengea zizi, ilimfunga Violet nepi, ilipapasa kuta za nyumba siku za mwanzo za giza ikamtia huzuni. Alidhani anaijua. Sasa aliitazama kwa pembe ya jicho huku mdomo wake ukisema kulia tano, kushoto tano, kilima, na ikamjia kwamba wale watu waliopanda miti kule kwenye mashamba ya kahawa hawakupanda kwa upuuzi. Walikuwa wanatazama hiki. Yeye alikuwa kihambani na jembe.

"Kilima, huoni mbele," alisema. "Ukitua, kulia moja. Kushoto ni shimo, hakuna ukingo."

Sauti yake ilitoka shwari. Uoga ulikuwepo, ulikuwa tumboni, na ulibaki huko. Gari likaruka, usukani ukawa mwepesi kama unyoya, ukarudi na uzito wake wote, na Elifuraha akalipindisha gari kwenye kona ile ya kurudi nyuma, kidole gumba kikibonyeza kitufe cha breki ya mkono kwenye usukani, changarawe ikirukia kwenye utupu. Kisha miti ikaisha. Mlima ukafunguka. Theluji ilikuwa juu, mawingu yalikuwa chini yao, barabara imenyooka ubavuni mwa dunia, na Aikaeli akasahau kusema.

"Mama Violet. Mbona umenyamaza?"

"Ni pazuri," alisema.

"Mbele kuna nini?"

"Imenyooka. Imenyooka mbali sana. Nenda tu."

Akaenda. Injini ilipanda hadi ikawa inaimba sauti moja, na vyombo vya kabatini vikajibu. Aikaeli alisoma kona za mwisho, zote pana, akaona bendera za kumaliza, akasema, "Tumefika. Punguza," na Elifuraha akalisimamisha gari taratibu kama anayeegesha nyumbani. TV iliandika muda wao na wa madereva wengine duniani. Walikuwa chini kabisa ya orodha. Hakuna aliyeisoma.

Violet alikuwa anafuta machozi kwa kiganja. Zaidi nyuma yao alikuwa amefumba macho tangu darajani. Akayafumbua, akakohoa.

"Pale juu ya kilima," alisema, "mimi ningechelewa."

"Ungechelewa," Elifuraha alikubali. Alikuwa bado ameshika usukani. Fulana yake ilikuwa imelowa jasho mgongoni. Akamgeukia mkewe. "Tumesimama wapi? Niambie vizuri, usiruke kitu."

Aikaeli akamwambia. Alimwambia theluji ina rangi ya bluu upande usio na jua. Alimwambia mawingu yametandazwa bondeni, na barabara waliyopanda inaonekana kule chini, nyembamba, inaingia na kutoka msituni, na kwamba hawezi kuamini wamepita pale. Elifuraha alisikiliza akitikisa kichwa polepole, akiuliza hapa na pale, upepo unapiga wapi, barabara inaendelea au inaishia.

"Inaendelea," Aikaeli alisema. "Inashuka upande wa pili."

"Basi kaa hapa."

"Nani?"

"Wewe. Mimi nimechoka mikono."

Alikataa, wakambana wote watatu, akakaa. Hakuwahi kuendesha kitu chochote maishani mwake. Violet alimwonyesha pedali. Aikaeli akashika usukani kwa mikono yote miwili, akagusa mafuta kwa ncha ya kidole cha mguu, na kitu kikaamka mle viganjani. Alikuwa ameshawashika ndama wengi kwa kamba, anajua mnyama mwenye nguvu anavyojivuta kupima kama umemshika kweli, na hiki kilimpima vivyo hivyo. Aliona kwenye TV tairi likipita juu ya jiwe dogo, na jiwe lile likamfika kwenye mifupa ya mkono. Akatoa pumzi aliyokuwa ameizuia. Mawe yalikuwa mengi. Kila moja lilimfika.

"Unalihisi?" Elifuraha aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, goti lake limegusana na la mkewe.

Aikaeli alikuwa anashuka mlima kwa mwendo wa mtu anayekwenda kisimani, theluji kulia, mawingu kushoto, macho yametoka. Barabara ilianza kupinda. Nyuma yake Zaidi, bila haraka, akasema, "Kushoto tano, shemeji. Inafunguka," na Aikaeli akaigeuza dunia yote upande wa kushoto.